Sikio la Mkubwa: Uongozi katika Kusadikika na Juliasi Kaizari

Vitabu viwili vya Kiswahili vilivyosomwa sana madarasani, na ambavyo aghalabu huwekwa katika makabati mbalimbali, ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, na tafsiri ya Julius Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, kisha ikasahihishwa na kutolewa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Cha kwanza huhesabiwa kuwa hadithi ya mafumbo juu ya dhuluma. Cha pili huhesabiwa kuwa mchezo juu ya mauaji ya dikteta. Nataka kuviweka pamoja katika kurasa hizi, kwa kuwa naona vyote viwili vinauliza swali moja, na kila kimoja hulijibu kwa namna ambayo humkosoa mwenzake. Swali lenyewe ni hili: mtu aliye juu ya wenzake husikia nini, kutoka kwa nani, na kwa sikio gani?

Ipo desturi ya kuandika juu ya uongozi kwa kutunga sifa uzini kama shanga: kiongozi awe mwadilifu, awe jasiri, awe msemaji, awe mwepesi wa kuamua, na kadhalika mpaka uzi ukajaa. Desturi hiyo imeingia katika uhakiki pia. Katika karatasi za mitihani huona kila mwaka kwamba Kaizari ni dhalimu, Brutus ni mwema, Cassius ni hasidi, na Antony ni mlaghai. Majibu haya si ya uongo. Upungufu wake ni kwamba hayaelezi kwa nini katika mchezo huu aliye mwema kuliko wote ndiye aliyeliangamiza jambo walilolitaka wote, tena akaliangamiza kwa mikono yake, hatua kwa hatua, huku akishauriwa vingine. Mtu akiisha kusema kuwa Brutus ni mwema, kazi ya uhakiki ndipo inapoanza.

Kiswahili kina methali mbili juu ya jambo hili ambazo hazipatani. Moja husema kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hiyo huweka ulimi kwa mkubwa na sikio kwa mdogo. Ya pili husema kuwa mkubwa ni jaa. Yaani ndiye mahali ambapo kila taka hutupwa, naye hana budi kuipokea yote, ya haki na isiyo ya haki, bila kutoka mahali pake. Ya kwanza husemwa kila siku na wazazi, walimu na wenye vyeo. Ya pili husemwa kwa nadra, na mara nyingi kwa kumpa pole mkubwa aliyetukanwa. Vitabu hivi viwili vimesimama upande wa methali ya pili. Katika vyote viwili guu linalovunjika ni la mkuu, au hunusurika kuvunjika kwa sababu mkuu amekubali kuwa jaa.

Tuanze na Kaizari mwenyewe. Shakespeare alimpa kilema ambacho hakimo katika habari za Plutarch alizozitumia: sikio lake la kushoto ni ziwi. Kilema hicho hutajwa mara moja tu, katika tendo la kwanza, na mahali kinapotajwa pana maana. Kaizari amekwisha kumweleza Antony kwamba Cassius ni mtu wa hatari: amekonda, hucheka kwa nadra, hafurahii muziki, tena huona matendo ya watu mpaka ndani. Amepatia kila neno. Walakini papo hapo anaongeza kuwa anayasema hayo kama mambo yafaayo kuogopwa na wengine, si kama mambo ayaogopayo yeye, maana yeye daima ni Kaizari; na neno linalofuata mara moja ni kumtaka Antony ahamie upande wa kuume kwa sababu sikio lile halisikii. Maarifa ya kuwajua watu anayo, na ni makubwa. Lakini cheo kimesimama kati ya maarifa na matumizi yake. Anajitaja kwa jina kana kwamba Kaizari ni mtu mwingine ambaye yeye ni mtumishi wake.

Baadaye maonyo humfikia kwa zamu. Mwaguzi humtajia siku yenyewe. Mkewe Calpurnia humsimulia ndoto. Artemidorus humpa barua iliyotaja majina. Sikio la kufa halisikii dawa, wangesema wazee wetu, na ingekuwa kweli, lakini si kweli yote. Calpurnia alisikilizwa, Kaizari alikubali kukaa nyumbani. Kisha aliingia Decius, akaifasiri ndoto ileile kwa namna ya kusifu, na sikio likageuka. Hapa pana onyo kwa wale wanaodhani kuwa kusikiliza ni wema tu wa tabia. Kaizari alisikiliza sana. Ustadi alioukosa ni wa kupima maneno anayoyasikia kwa kumtazama anayefaidika nayo. Na ile barua ya Artemidorus ilikataliwa kwa sababu nzuri kabisa: mwandishi alisema kuwa inamhusu Kaizari mwenyewe, na Kaizari akajibu kuwa jambo linalomhusu yeye litakuwa la mwisho. Mtu angelisoma jibu hilo peke yake angeliandika ubaoni kuwa ni kielelezo cha kiongozi asiyejipendelea. Katika mchezo ni maneno ya mtu anayesikiliza jinsi sauti yake inavyopendeza mbele ya umati.

Sasa Brutus. Huyu ndiye mtu ambaye msomaji wa Kiswahili amefundishwa kumpenda, na sina haja ya kumvua upendo huo. Usiku hemani, kabla ya vita, anamwona kijana Lucius amesinzia juu ya chombo chake cha muziki, naye anakitoa polepole kisivunjike, bila kumwamsha. Mtu wa namna hiyo si mtu mbaya. Lakini na tuhesabu mashauri. Wala njama walitaka kuapa; Brutus akakataa. Cassius alitaka Cicero aingizwe, Brutus akakataa. Cassius alitaka Antony afe pamoja na Kaizari, Brutus akakataa. Cassius alimvuta kando na kumwonya asimruhusu Antony kusema mazishini, Brutus akaruhusu. Cassius alitaka jeshi lingoje adui aje achoke njiani; Brutus akaamuru waende Filipi. Mara tano, na kila mara lililoshinda ni neno la Brutus. Baadhi ya makatazo hayo yana heshima. Kukataa kumwaga damu ya Antony bila haja ni jambo ambalo msomaji mwadilifu atalikubali. Ninalolitazama mimi ni namna ya kukataa. Katika suala la Filipi, Cassius anaanza kujibu, na Brutus anamkata kauli aendelee na hoja yake mwenyewe. Onyesho linalofuata hufunguliwa na Octavius akimwambia Antony kuwa matumaini yao yametimia, kwa kuwa adui ameteremka kutoka milimani. Shakespeare hakuandika neno lolote la kumlaumu Brutus hapo. Aliyaweka maonyesho mawili jirani, akanyamaza.

Shauri juu ya Cicero ni dogo, na wasomaji hulipita mbio. Cassius anauliza, Casca anasema Cicero asiachwe nje, Metellus anaunga mkono na kutoa sababu, kwamba mvi zake zitawapa heshima mbele ya watu. Brutus anasema hapana, Cicero hafuati jambo lililoanzishwa na wengine. Papo hapo Cassius anasema basi na aachwe, na Casca, yuleyule aliyesema punde kidogo kuwa asiachwe, anageuka na kusema kuwa kweli hafai. Mistari hiyo michache inatosha kuonyesha ugonjwa wa baraza zima. Tumezoea kudhani kuwa watu wa ndiyo-bwana humzunguka mwovu kwa sababu wanamwogopa. Hapa wanamzunguka mwema kwa sababu wanamheshimu, na matokeo ni yaleyale. Tena naona heshima ni mbaya kuliko hofu katika jambo hili, maana mwenye kuogopwa hujua kuwa anadanganywa, lakini mwenye kuheshimiwa hana njia ya kujua.

Jambo la barua linazidi hilo. Brutus hakuingia katika njama kwa chuki. Aliingia kwa sababu aliamini kuwa anasikia sauti ya Rumi ikimwita. Sauti hiyo ilikuja katika karatasi zilizotupwa dirishani na penye kiti chake, na karatasi zile ziliandikwa na Cassius kwa mwandiko wa namna nyingi. Tena barua aisomayo haikukamilika. Ina mapengo, na Brutus mwenyewe ndiye anayeyajaza kwa maneno yake. Akiisha kuyajaza, anaiahidi Rumi kuwa itapata haja yake. Basi alichokiita sauti ya watu kilikuwa nusu sauti ya mtu mmoja na nusu sauti yake yeye. Sijui mahali pengine katika tamthilia tulizonazo kwa Kiswahili ambapo hatari ya kusema kwa niaba ya umma imeonyeshwa kwa uchache wa maneno kama hapo.

Ndipo inapokuja siku ya uwanjani. Mengi yameandikwa juu ya hotuba mbili, na sitayarudia. Nitataja miguu badala ya ndimi. Brutus alisema kwa lugha ya nathari iliyopangwa sawasawa, akatoa sababu, akawataka watu wabaki wamsikilize Antony, kisha akaenda zake peke yake. Hakungoja kusikia. Hakusikia hata lile lililosemwa mbele yake, pale mtu mmoja katika umati aliposhangilia kuwa Brutus mwenyewe na awe Kaizari. Kelele iliyotosha kumjulisha kuwa watu wamempenda msemaji bila kuielewa hoja. Antony alibaki. Aliomba ruhusa ya watu ateremke kutoka jukwaani, akateremka, akawapanga duara kuizunguka maiti, akawaonyesha vazi lililotobolewa, na ule wosia wa drakma 75 kwa kila mtu akaucheleweshea mpaka wakaudai wenyewe. Kila hatua aliipima kwa kelele zao. Kama ustadi wa kiongozi ni kuwasikia anaowaongoza, basi katika onyesho hilo Antony peke yake ndiye mwenye ustadi.

Na hapa ndipo wale wanaotaka mchezo utufundishe stadi za uongozi wanapokwama. Mara tu baada ya hapo umati unamrarua Cinna mshairi kwa sababu jina lake ni sawa na la mla njama. Kisha tendo la nne linafunguka, Antony ameketi mezani na wenzake wawili wakitia alama majina ya watakaouawa. Anamtoa mtoto wa dada yake kama mtu anayelipa chenji, anatuma wosia uletwe ili wapunguze zile fedha walizoahidiwa watu, na Lepidus akiisha kutoka anamlinganisha na punda wa mizigo. Sikio lililosikia watu vizuri namna ile lilikuwa sikio la mwindaji. Mwindaji naye husikiliza.

Turudi nyumbani, au tuseme angani, maana Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kueneza elimu ya sheria. Katika kujitetea hajisemei sana nafsi yake. Anasimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, kusini, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na habari za mambo mema waliyoyaona, na malipo yao yakawa kifungo. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini: majina yote ni ya baraka, na wenye majina wamo gerezani. Mwisho mfalme anamwachilia Karama, na wale wajumbe pia.

Wahakiki wengi wameisoma hadithi hii kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni, na hawakukosea. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali hiyo kwa miaka mingi, na alijua ni maneno gani hupita mezani na yapi hayapiti. Mimi navutiwa na umbo la kesi yenyewe. Karama hana cheo, hana jeshi, hana umati. Anayo haki moja tu, ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, na anaitumia haki hiyo kuwapa wengine sita nafasi ya kusikilizwa kwa kuchelewa. Huo ni uongozi, ingawa hakuna mahali kitabuni anapoitwa kiongozi. Mfalme naye, ambaye katika visa vyote vilivyotangulia alikuwa chombo cha mashtaka ya wengine, anafanya tendo moja la kifalme katika kitabu kizima: anakaa kimya mpaka mtu amalize.

Hata hivyo kitabu kina udhaifu ambao mapenzi yetu kwa mwandishi yasitufiche. Majina yameshatoa hukumu kabla ya baraza kukaa. Majivuno hawezi kuwa na hoja, kwa kuwa jina lake ni Majivuno. Karama hawezi kukosea. Mfalme akisikiliza hana kazi ngumu ya kupima, ila kufungua sikio tu, na haki inaingia yenyewe. Ndiyo kusema Shaaban Robert alitupa sikio lakini hakutupa mizani. Shakespeare alitupa mizani yenye tabu: mshauri aliye sahihi mara nyingi kuliko wote, Cassius, ndiye mwenye kijicho, mwongo wa barua, mpenda fedha. Katika Kusadikika neno la kweli hutoka katika kinywa safi. Katika Rumi neno la kweli hutoka katika kinywa ambacho Brutus anakidharau, na dharau hiyo ndiyo inayomziba sikio.

Nyerere alilijua jambo hili, na hahitaji kusingiziwa kuwa alifasiri mchezo huu kwa ajili ya siasa za siku zake. Watu wamefanya mizaha ya kutosha juu ya jina la Julius. Lakini mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya tafsiri yake kutoka, aliandika kijitabu Tujisahihishe kwa ajili ya wanachama wa TANU, na mojawapo ya makosa aliyoyashambulia humo ni lile la kupima hoja kwa kumtazama aliyeisema badala ya kutazama ukweli wake. Hilo ni kosa la Brutus kwa Cassius, neno kwa neno. Mwezi Januari mwaka huohuo alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu, wiki chache tu baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, ili arudi chamani na kwa watu. Vilevile ni mwaka 1962 ambapo Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi, na sheria hiyo ilitumika katika miaka ya urais wake. Shaaban Robert alifariki mwezi Juni mwaka ule. Sidhani kuwa mwanafunzi wa fasihi anapaswa kuyaficha mambo haya mawili ili yasigongane. Aliyeandika vizuri kuliko wengi juu ya sikio la kiongozi aliongoza dola ambayo iliweza kumfunga Karama bila kumpa hata ile siku yake ya kwanza barazani. Kusadikika kilidai jambo dogo kuliko Tujisahihishe. Hakikudai kiongozi mwenye moyo wa kujisahihisha; kilidai utaratibu ambao mtuhumiwa atasikilizwa hata kama moyo huo haupo. Kwa hiyo narudi nyuma kidogo katika lawama yangu: kama Shaaban Robert alikosa mizani, alikuwa na mlango, na mlango ndio unaotangulia.

Limebaki onyesho la hema, karibu na Sardi, ambalo walimu wengi huliruka kwa kuwa wanafunzi huchoka baada ya mazishi. Lisirukwe. Brutus anamshutumu Cassius kuwa ana kiganja kinachowasha, anauza vyeo kwa dhahabu, na ametetea mtu aliyekula rushwa kwa watu wa Sardi. Maneno makali na ya haki. Muda si muda analalamika kwamba alimwomba Cassius dhahabu ya kulipa askari wake, akanyimwa, kwa kuwa yeye Brutus hawezi kupata fedha kwa njia mbovu wala kuwakamua wakulima. Yaani dhahabu aliitaka. Iliyomchukiza ni mikono iliyoikusanya, si matumizi yake. Wala haoni mgongano wa maneno yake mawili, na Cassius, ambaye huona matendo ya watu mpaka ndani, ama hauoni ama hausemi. Anamtolea Brutus kisu na kifua badala ya hoja. Wanapatana, mvinyo unaletwa, na baada ya hapo likaja lile shauri la Filipi, ambalo Cassius alilijua kuwa baya akalikubali, kwa kuwa ugomvi ulikuwa umekwisha na hakutaka kuuanza tena. Siku ya vita yeye aliyewaona watu vizuri alikuwa na macho mafupi. Alimtuma Pindarus juu ya kilima amtazamie, akaambiwa kuwa Titinius ametekwa, kumbe amezungukwa na marafiki wanaoshangilia, na akafa kwa habari hiyo.